Galoni za Mjomba

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mtu wa kudogosha mambo. Ukifika kwake anakwambia, "Karibu kaugali," halafu mkewe analeta mlima wa ugali na kuku mzima pembeni. Ng'ombe wamejaa zizi, yeye anawaita "vindama vyangu." Sasa mtu wa namna hiyo mwombe maji, uone.

Hiyo ilikuwa enzi ya Mwingereza, huko Puge, nami nilikuwa nimeoa juzijuzi. Kwetu mpunga tunaulima kwenye majaruba, mashamba yaliyozungushiwa matuta ili yashike maji ya mvua. Jaruba la mjomba lilikuwa juu, langu chini yake, ukubwa sawasawa. Desturi ilikuwa hivi: wa juu akishajaza maji mpaka kifundo cha mguu kizame, yanayozidi anamfungulia wa chini. Mwaka ule mvua ikakatika katikati. Jaruba langu likapasuka nyufa za kumeza mkono. Mpunga ule mke wangu aliupandikiza kwa mgongo wake mwenyewe, wa kwanza katika ndoa yetu, na ukifa ningekwenda kuomba chakula kwa wakwe. Aibu gani hiyo!

Kila asubuhi nakwenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kamaji bado kadogo. Hakajafika kifundo."

Kifundo cha nani? Mjomba alikuwa mrefu kama nguzo ya simu, hata vifundo vyake vilikaa ghorofani. Lakini mkubwa humpimi miguu.

Ndipo akaja bwana shamba, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Utani huo ni wa tangu babu zetu wakibeba pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Babu yangu mimi alikwenda mara tatu, akarudi na kikoi na kikohozi, lakini hayo tuyaache. Bwana shamba alitumwa na mkubwa wake wa Tabora ajaze fomu: maji yaliyobaki majarubani, kwa galoni. Akaniita nimshikie kamba ya kupimia.

"Maji yako kiasi gani, mzee?" akamwuliza mjomba.

"Kadogo tu. Hakajafika kifundo."

"Fomu ya Mzungu haina kifundo," akasema, akachomeka rula majini. Inchi nne. Tukanyoosha kamba: yadi thelathini kwa ishirini.

"Hii ni kama sehemu ya nane ya eka," akasema. "Na inchi moja ya maji juu ya eka nzima ni galoni elfu ishirini na mbili na ushei." Akalamba penseli, akagawanya, akazidisha. Mimi nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, nikaishia kwenye kugawanya, basi nikabaki natazama ulimi wake ukigeuka mweusi.

"Elfu kumi na moja na mia tatu."

"Za nini?" mjomba akauliza.

"Galoni. Debe la mafuta ya taa ni galoni nne. Una debe elfu mbili na mia nane humu. Mkeo akiteka debe kumi kila siku, ni miezi tisa."

Mke wa mjomba, aliyekuwa akipalilia, akainuka. "Miezi tisa! Basi nitazaa bwawa!"

Tulicheka. Bwana shamba akapata nafasi yake: "Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za tembo mpaka kwetu. Leo maji ya kumshushia mpwa wako hatua mbili yamekulemea?"

Mjomba aligeukia jaruba lake. Aliyatazama yale maji kana kwamba kuna mtu kayamwaga pale sasa hivi. Nasema kweli, hakuwa bahili. Alizoea tu kwamba kitu ukikisema kikubwa kitakimbia, mwishowe hata jicho lake likakiona kidogo.

Akachukua jembe, akakata tuta.

"Kainchi kamoja," akasema.

Maji yakaingia kwangu yakibubujika. Mke wangu akakimbilia humo na kanga yake mkononi, akatazama miguu. "Mjomba, yamefika vidoleni tu!"

"Haya, kainchi kengine."

"Mzee, nimeshaandika!" bwana shamba akapiga kelele. Akaanza kutafuta kifutio, halafu akahesabu kwa vidole. Inchi mbili juu, inchi mbili chini. Jumla ile ile! Akafurahi, akatupa sote mkono. Galoni zilizonywewa na nyufa zangu hakuzihesabu, nami sikumkumbusha.

Wiki iliyofuata mvua ikarudi. Tulipovuna, mke wangu akamwalika mjomba, akajaza wali kwenye sinia ambalo tulilibeba watu wawili. Akapiga goti.

"Karibu kaubwabwa, mjomba."

Mjomba akalitazama lile sinia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kana inchi ngapi?" akauliza, akanawa.