Kanze na Mashine Yake Iangukayo

Kanze hajui kusema taratibu. Ukimuuliza swali dogo tu kuhusu kompyuta, mikono yake huanza kuruka, na kabla hujakaa sawa ashakueleza ni ipi imekwama juzi, ipi imejizima bila salamu, na kwa nini. Ni binti wa Kaloleni, anakaa Bondeni, na miaka yote aliyofanya kazi kwenye duka la kukodisha kompyuta na mtandao pale Mwembe Tayari alikuwa akizitazama mashine zikianguka namna wengine wanavyotazama mpira. Mfumo wa madirisha, mfumo wa tunda lililomegwa, mfumo wa bure wa yule ndege ngwini: yote aliiona ikianguka, na tabia za kila mmoja akazijua. Mimi nampenda kwa hilo. Mtu mwenye shauku ya jambo lake hanichoshi, hata kama nusu ya maneno yake siyaelewi.

Mwaka huu aliacha kazi ya duka ili aanze yake mwenyewe: kuonyesha picha na kupiga muziki kwenye sherehe za wanawake. Kwetu, siku ya kumpamba bibi harusi, mwanamume hakanyagi ukumbini, na simu zote huachwa mlangoni, kwa kuwa tunavua mabuibui. Fundi wa kiume hata awe bingwa vipi, mashine ikianguka ndani hana la kufanya. Kanze akaiona nafasi hiyo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupambwa kwa Iqra, binti wa jirani yangu Hawabai wa mtaa wa Kuze. Akifanikiwa, mji mzima utamwita. Picha zikizimika mbele ya mama zetu, basi na arudi Mwembe Tayari, maana mama zetu hawasahau.

Aliyeanza kutia maneno ni Quresh, mpwa wa Hawabai, ambaye dada yake naye yu karibu kuolewa. "Shangazi, Kanze atumia mfumo wa bure? Utaaibika! Chukua laptopu yangu, mpya kabisa."

"Nami ninayo yangu ya tunda," akadakia Iqra. "Haijaanguka hata siku moja."

Kanze akacheka. "Basi tuzishindanishe!"

Hapo sebule ya Hawabai ikageuka uwanja. Mashine tatu zikapangwa mezani, zote zikionyesha picha zilezile za utoto wa Iqra, muziki juu, na Hawabai akazima feni makusudi, maana ukumbini kutakuwa na joto. Mimi nilifanywa hakimu kwa sababu sijui kitu. Majirani walijaa hadi ngazini wakishangilia. Ya Quresh ilikwama kwanza, kwenye picha ya Iqra akiwa bado hana meno. Quresh akaapa kwamba ni programu za wizi alizowekewa na rafiki yake, wala si kosa la mfumo, na Kanze, kwa ukweli wake ule, akamuunga mkono. Kisha ya Kanze nayo ikaganda! Sebule nzima ikalipuka. Kabla sijafungua mdomo ikajizima, ikawaka yenyewe, ikaendelea palepale ilipoachia.

"Mwaona? Mwaona yainuka?" Kanze akaruka. "Nimeipanga hivyo mwenyewe! Kumbukumbu yake ni ndogo, kuanguka itaanguka. Lakini njia ya kurudi yaijua!"

"Imeanguka," nikasema. Hakimu ni hakimu. Ushindi nikaupa ya Iqra, ambayo haikutikisika hata kidogo. Kanze akaikunja mashine yake bila kurusha mikono, mara ya kwanza tangu nimjue, na roho ikaniuma. Hawabai akamwambia aje aiendeshe hiyo ya Iqra, na yake ailete iwe ya akiba.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, ukumbi ulinukia udi na asumini. Quresh alileta spika, akaziacha mlangoni, akabaki nje na wenzake. Sisi tumejipamba, nywele nje, na Iqra amekaa kitini mwake, hina hadi viwikoni. Picha zinapita ukutani safi kabisa, nami najipongeza kwa hukumu yangu. Mara laptopu ikaanza kulia. Kando ya picha ya Iqra wa chekechea ikachomoza picha ya bwana harusi: anapiga simu ya video! Simu ya Iqra ilikuwa mlangoni pamoja na zetu, lakini hakuna aliyekumbuka kuwa simu yake ikipigwa, laptopu nayo hulia. Mama mmoja, kwa pupa ya kuinyamazisha, akabonyeza kitufe cha kijani.

Bwana harusi akatanda ukuta mzima. "Iqra? Wanisikia?"

Lahaula! Mayowe yaliyopigwa! Mabuibui yakagombewa, mmoja akaingia chini ya meza, bibi mmoja akajikinga uso kwa sinia la sambusa. Na mashine ile imara haikukwama, haikuganda, haikuanguka. Laiti ingeanguka! Kanze akairukia, akaifunga, akaifunika kwa leso yake, akachomoa waya wa projekta na kuuchomeka kwenye yake ile kuukuu. Niliona midomo yake ikichezacheza. Nadhani alikuwa akiomba.

Picha zikarudi. Muziki ukarudi. Tukashusha pumzi, tukavua tena mabuibui. Na katikati ya wimbo wa kumsifu mama, Hawabai akilia kwa furaha, mashine ikaganda.

Nilimtazama Kanze. Uso ulimsawijika, nikajua anaiona Mwembe Tayari mbele yake. Kumbe Hawabai, bila kugeuka, akauendeleza wimbo kwa sauti yake ile isiyojua kuimba. Jirani yake akadakia, mara ukumbi mzima, makofi na vigelegele, nami nikapaza sauti hadi koo likaniwasha. Mashine ikawaka, ikatuanzishia ubeti tuliokwisha kuuimba. Tukauimba tena, kwa nguvu zaidi!

Quresh alikuwa amesikia muziki ukikatika. Akagonga mlango. "Shangazi! Ya nani imeanguka?"

"Ya Kanze!" Hawabai akamjibu kwa kelele, huku amemshika Kanze mkono. "Na harusi ya dadako ataifanya yeye!"