Zuhura na timu iliyohamahama

Vidole vyagoma kuandika. Zuhura? Zuhura wangu wa Hounslow? Majuzi tu tulikuwa kwenye simu twacheka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa msiomjua: tulisafisha ndege pamoja Heathrow, shift moja miaka nenda miaka rudi. Mtu wa Mombasa, Mvita damu. Na alikuwa mwendawazimu wa raga ya ligi, ile ya wachezaji kumi na watatu, ambayo hapa London hata wenyeji hawana habari nayo.

Tiketi za kwanza supervisor alitupa bure. Tukadhani ni soka! Mtu akaukumbatia mpira akatoka nao mbio, Zuhura akasimama: "Wee! Refa haoni?" Mvua ya rasharasha, taa za uwanja zimefifia kwenye ukungu. Akapenda pale pale.

Timu yenyewe sasa, Mungu aisaidie. Imebadili jina, imebadili rangi, imehama uwanja baada ya uwanja, mpangaji wa watu siku zote. Nikifumba macho viwanja vyote vyachanganyika: nyasi ile ile, ukungu ule ule, harufu ya udi.

Udi, ndiyo. Kila timu ikihama, Zuhura alifukiza. Nyumba mpya haiingiwi hivi hivi, alisema.

Siku moja kawasha chetezo nyuma ya geti, steward wa uwanja akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto. Zuhura akamwambia kwa Kiswahili, kama kwamba Mzungu wa watu aelewa: "Tulia baba, twahamia." Yule bwana akasimama, moshi wamzunguka polepole, akavuta pumzi. "Smells lovely, that." Tukashinda siku hiyo. Weee, nilikoma kwa majigambo yake!

Mwaka tuliopanda ligi kuu alilia mpaka shungi likalowa. Kisha tukashuka. Wachezaji wakarudi kufanya kazi zao mchana na mazoezi jioni, mashabiki wakapukutika. Uwanja ukawa kimya hata pumzi za wachezaji twazisikia. "Sikiza," aliniambia taratibu, kama mtu aliye usingizini. Nikasikiza. Ilikuwa raha ya ajabu.

Ikavuma kwamba klabu yafungwa. Nikamwambia tupumzike basi, baridi hii ya nini? Akanijia juu: "Mwanaidi! Tukiondoka sisi, watabaki na nani?"

Alipougua, hilo ndilo lililomkosesha usingizi, si maradhi. Hata wodini aliniuliza matokeo kabla ya salamu. Halafu tena: watabaki na nani? Nikamtengenezea mto.

Binti yake Salma kazaliwa huku. Kiswahili asikia, akujibu kwa Kizungu. Uwanjani hajatia mguu, alikuwa akimwonea mamake haya. "Mum, please, it's embarrassing."

Jana baada ya hitima, nikiwa jikoni naosha masufuria, akaja kajifunga skafu ya mamake. Macho mekundu.

"Auntie, Sunday's game. Where did Mum like to sit?"

Kumbe Jumapili ataka kukaa pale alipopenda mamake. Nilimkumbatia na mikono yangu ya povu, tukalia wote wawili.

Shoga yangu, sasa jibu ninalo. Watabaki na Salma. Pumzika, mama, Mola akulaze pema.