Mstari Mmoja wa Muhonja

Bado siamini. Nimeketi kwenye kiti cha Muhonja, mwenzangu wa kazi, hapa kwa duka letu la kuchapisha Kakamega mjini, na eulogy ninayotaipu, wasifu wa kusomwa mazishini, ni yake.

Mnaonifuata hapa mnaijua sauti yake. Ndiye aliyekuwa akicheka nyuma ya video zangu mpaka mnauliza huyo ni nani. Alianza na kuumwa kichwa Jumapili, na wiki haijaisha tukapigiwa simu.

Tunachapisha kadi za harusi na barua za kuomba kazi, lakini unga wetu unatoka kwa programu za mazishi, vile vijitabu vya ibada. Familia inaleta picha, sisi tunafungua template: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua, akaitwa na Bwana. Unabadilisha majina tu.

Muhonja aliichukia hiyo template kama dawa ya minyoo.

Ndiyo maana alikuwa na daftari. Si la kazi, lake mwenyewe. Kila alasiri mvua ikianza kupiga mabati na wateja wakikwama kibarazani, alilifungua na kuandika mstari mmoja kuhusu mtu aliyemtaipu asubuhi hiyo. Kitu ambacho eulogy haikuwa na nafasi yake.

Na kwa sababu ya huo mstari, kila familia aliiuliza swali lilelile kabla haijaondoka: "Na akiwa peke yake, alikuwa anapendanga kufanya nini?"

Wengine walicheka. Wengine walikaa tena kwenye benchi, ndipo wakalia vizuri.

Nakumbuka mzee wa Iguhu aliyemwimbia fahali wake asubuhi ya pambano la mafahali, na wakishindwa wanarudi nyumbani kimya, kila mmoja upande wake wa barabara. Mwalimu wa Amalemba aliyesahihisha vitabu miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto. Kijana wa boda boda aliyezima injini kwenye mteremko ili asikie ndege.

Ukimwambia Muhonja aandike hadithi ndefu, anakataa. "Mimi si mwandishi. Nazoesha tu macho."

Akiandika, uso uko dirishani, na saa zingine ningeapa hayuko hapo. Unamwita, unamwita tena, anarudi polepole kama mtu aliyeamshwa usingizi wa mchana. "Nilikuwa Iguhu," anasema. Chai yake imepoa tena.

Mimi nilipojaribu, nilinunua daftari la jalada gumu, nikaandika tarehe kwa mwandiko mzuri, nikakosa la kusema. Alinicheka wiki nzima. "Daftari zuri linaogopesha. Chukua hizi karatasi printer imeharibu." Tangu hapo naandika nyuma ya programu zilizotoka na wino mbaya. Mbele marehemu wa watu, nyuma mawazo yangu.

Jana mjomba wake, chairman wa kamati ya mazishi, alileta karatasi yenye shule zote alizosoma Muhonja. Nikaomba niongeze mstari mmoja tu.

"Hapana," akasema. "Watu wanatakanga kusikia alisoma wapi. Hizo zingine wacha."

Niliumia. Aliyewaandikia wageni wote hawa, yeye aende bila mstari? Lakini mimi ni wa kutaipu tu, na deadline ni leo jioni. Kibaya zaidi, hata angekubali, sikujua ningeandika nini. Mimi nilimjua akiwa na watu.

Leo mchana mama yake amekuja kutoka Khayega kuchagua picha. Amechagua ile anayocheka macho yamefumba. Nikamuuliza lile swali. "Mama, akiwa peke yake, alikuwa anapendanga kufanya nini?"

Aliiweka picha juu ya meza.

"Huyo?" akasema. "Huyo alikuwa anasikianga harufu ya mvua mbele ya mawingu. Tangu akiwa mdogo. Anatoka polepole, anaanua nguo zetu, halafu anaingia kwa majirani anaanua zao pia. Anakunja, anaweka kwa mlango. Haambii mtu. Watu wakirudi kutoka shamba wanapata nguo kavu, wanajua tu ni nani."

Tukakaa hapo sote, na nilimwona kabisa, msichana mdogo akipita uani kwa watu, nguo zimemjaa mikononi mpaka kidevuni.

Mjomba, aliyekuja naye, alikuwa mlangoni. Mama akamgeukia. "Ndugu yangu, hiyo ndiyo itasomwa. Shule ziko kwa vyeti."

Mjomba akatazama chini, akapangusa kofia yake kwa muda mrefu. "Basi iwe ya mwisho," akasema, "watu waende nayo nyumbani."

Imekuwa ya mwisho.

Nimemaliza kutaipu. Mvua imeanza na kibaraza kimejaa watu. Nakala ya kwanza imetoka na wino mbaya, nikaigeuza na kuandika mstari wake nyuma, kwa mkono. Mara hii, mbele ni yeye na nyuma ni yeye.

Tunamzika Jumamosi, nyumbani Khayega. Mkija, kaeni mpaka mwisho msikie.

Nimekukosa, Muhonja, na chai yako nimeimimina kwa mazoea. Lala salama, dada yangu. Usiamke kwa hii mvua. Leo nguo tutaanua sisi.