Behewa la Paa Angavu

Siku ile Newburg tulikuwa wanne: mzee jirani mwenye treni ndogo ya mfano, mdogo wangu kutoka Columbus, dada yetu kutoka Buffalo, na mimi niliyewalea hao wawili tangu wazazi wetu wafe. Mzee alikuwa amenipa behewa bovu la treni yake, lile la kulia chakula. Nililijenga upya, nikaliwekea paa lililoinuka la plastiki angavu. Kama lingegusa dari ya handaki la reli yake, kazi yangu yote ingevunjika mbele yao.

“Kaka, litakwama,” mdogo wangu alisema.

“Basi utalisukuma.”

Likapita, vinyago vya abiria vyote vimekaa mezani ndani yake. Dada akapiga makofi.

Nikamuuliza mzee nimlipe nini kwa behewa alilonipa.

“Nijengee behewa la jikoni. Hawa abiria watakula nini?”

Hilo bado ninadaiwa.