Wimbo wa Maziko Bila Maiti

Mimi situlii. Hata nikiwa mdogo, mama alinibana kanisani ili nisigeuze benchi ngoma. Labda ndiyo maana kazi ya kutungia sinema na tamthilia muziki ilinifaa: leo wahusika wanafukuzana, kesho wanapendana, nami nawakimbilia nyuma na kinanda. Lakini kuna tamthilia iliyonishinda kwenye onyesho moja tu, la maziko. Kila muziki niliotuma mwongozaji aliurudisha. Alisema unasikika umetoka kwa kompyuta. Nikishindwa tena angempa mwingine kazi yote, na sikuwahi kupata kazi kubwa kama ile.

Nikabeba maikrofoni hadi nyumbani Kasikeu, Ukambani. Kina mama wa kwaya ya kanisa letu, wakiongozwa na mama yangu, walinipokea kwa chai na viazi vitamu, wakanitania kwamba Nairobi hakuna chakula. Nilipowaomba wimbo wa maziko, kicheko kikakatika.

"Nani amekufa?" mama akauliza.

"Hakuna. Ni ya televisheni tu."

"Na tukiimba na hakuna mtu amekufa, hiyo wimbo itaenda kutafuta nani?"

Nilibembeleza, kisha nikaudhika, nikawaambia watu waliookoka hawaogopi mambo kama hayo. Mmoja alinijazia chai. Nikatoka nje, nikazungukazunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikiwaza ni nani atakayechukua nafasi yangu.

Mama akanifuata, wenzake nyuma yake, leso zimefungwa viunoni.

"Kuna mtu mmoja hatukuimbia," alisema.

Alikuwa baba. Tulimzika wakati wa korona, watu wachache, barakoa usoni, maafisa wakituharakisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuimba. Jioni hiyohiyo nilirudi Nairobi, na tangu hapo sikukaa mahali pamoja muda wa kutosha kumkumbuka.

Kaburi liko ukingoni mwa shamba la mbaazi. Nilipanga maikrofoni, nikavaa vipokea sauti vya masikioni, macho yakabaki kwenye mashine. Wimbo ulianza chini, polepole, sauti moja ikiibeba nyingine. Nilikuwa bado narekebisha vitufe mama aliponivua vile vya masikioni.

"Wacha kazi kidogo, mwana wakwa," alisema. "Huyu ni baba yako."

Nikaacha. Yaliyofuata siyakumbuki vizuri.

Usiku huo nilimtumia mwongozaji rekodi, na kesho yake akanipigia simu, furaha tele. Kazi ni yangu, alisema, kitu kimoja tu: "Hapo mwisho kuna mwanaume analia. Sauti yake inamfunika mwigizaji wetu. Mtoe, tumalize."

Nilikaa kwenye kompyuta nikajaribu. Kila nilipokata kilio kile, sauti ya mama ilikatika nacho. Nilijua ninachokipoteza nilipompigia mwongozaji.

"Huyo hatoki," nikamwambia. "Analilia baba yake, na amechelewa sana."