Siku Nilipofyeka Mukawa wa Wambui

Nikikumbuka siku ile bado natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kabla hamjanicheka niwaambie kabisa, kosa halikuwa langu peke yangu. Binti yangu Wambui, anayesoma chuo hapa Njoro, alinipigia simu akasema, "Dad, kesho mwalimu wangu anakuja hapo kuona project yangu. Tafadhali boma iwe safi." Hakusema lingine.

Sasa kwetu mgeni akija si tunafyeka? Nikakata nyasi, nikafagia, nikakitazama kile kichaka cha mukawa kando ya lango, miiba mitupu, matunda yake meusi yakichafua njia na ndege wakipiga kelele kutwa, nikachukua panga nikakilaza chini, tena nikajisifu (mke wangu alikuwa sokoni, la sivyo angenizuia).

Kumbe project yenyewe ilikuwa ni kile kichaka. Mke wangu aliporudi alishika kichwa, akanieleza kwamba miezi mingi, kila akija nyumbani, Wambui amekuwa akihesabu ndege wanaokula yale matunda wakati wa kiangazi, wakati hakuna kingine cha kula, na wanaojenga viota mle ndani kwa sababu paka hathubutu kuingia kwenye miiba. Na kwa nini mimi sikuambiwa? Mimi ni mwenye boma ama ni mpangaji?

Kwa hasira na woga nikafanya ujinga wa pili. Alfajiri niliyasimamisha matawi nikayafunga kwa waya kwenye visiki, na ukiwa mbali usingejua. Mwalimu akaja na wanafunzi wenzake Wambui, naye Wambui akaeleza vizuri sana huku akiwa amekipa kichaka mgongo, hata nikaanza kujivuna, mpaka mwalimu aliponyoosha mkono achume tunda moja na tawi zima likamfuata, miiba ikamng'ang'ania koti.

Akatazama waya, akanitazama mimi. "Mzee, nani alikata hii?"

"Ni mbuzi," nikasema.

"Mbuzi ya panga?"

Wanafunzi walicheka hadi wakashikana. Wambui hakucheka, alilia mbele ya watu wote, na hilo ndilo lililoniuma.

Alilazimika kuanza upya kwenye mukawa wa jirani. Tangu hapo nimeapa, mgeni akija hata nyasi sigusi. Majuzi alinipa ripoti yake niisome. Ameorodhesha hatari zinazoukabili mukawa: moto, kiangazi, na baba.