Vichaka vya Mlangoni

Mpaka leo nikiona vile vichaka vifupi vinavyotambaa chini na kubaki kijani mwaka mzima, hasira hunipanda. Enzi za Mwingereza tulikaa kambi ya vibarua wa mkonge, Ngombezi. Mke wa meneja alitaka kambi ipendeze, basi mnyapara akaamuru kila nyumba ipande vichaka hivyo mlangoni, kama vile kuutazama mkonge kutwa hakututoshi.

Mama alikataa. Kwao Handeni, mmea usiokauka ulipandwa makaburini, kaburi lisipotee. Mlangoni palifagiliwa, pakabaki peupe. "Mnatuzika tungali hai," alimwambia mnyapara. Lakini baba aliogopa kufukuzwa kazi, akavipanda. Mama akawa anavimwagilia maji ya mtoni huku akisonya.

Mwaka uliofuata mashine ya kiwandani ilimnasa baba, akafa. Tulipoamriwa kuhama, mama aling'oa kichaka kimoja ili akakipande kaburini kwa baba. Mnyapara akamzuia njiani, akasema hicho ni mali ya shamba.

Mama hakukiachia.

"Basi kamfukueni na mume wangu," alisema. "Naye alikuwa mali ya shamba."